Klarineti ya Baba Yako na Mwanzi Mmoja

Hilda mwanangu,

Kesho alfajiri unapanda basi la Songea kwenda chuoni, na mimi nina furaha. Ningeweza kukuandikia kwamba moyo unaniuma, kama wanavyosema akina mama wengine pale stendi huku wakijifuta macho kwa ncha ya kanga. Lakini leo si siku ya kuanza kudanganyana. Tangu Silivano anioe, naamka asubuhi nikiwa tayari nimetabasamu. Nakosea vipimo vya nguo za watu kwa sababu ya kumfikiria. Mtu mzima mimi, mwenye binti wa kwenda chuo, najipaka mafuta ya mgando mara mbili kwa siku kwa ajili ya mwanamume ambaye yuko barazani kwangu saa zote.

Hata sasa yupo hapo barazani. Wewe uko kwa Mama Zuhura unasukwa nywele. Namwona kupitia dirishani, anasugua kipande cha mpingo kwa jani la msasa, anakipuliza vumbi, anakitazama kama mtu anayesoma. Nitainua kichwa mara nyingi kumwangalia, kwa hiyo ukikuta mstari umepinda, ujue sababu.

Mambo ya sabuni, kufuli na shuka tumekwisha kuyasema. Nataka kukuandikia kuhusu klarineti ya baba yako. Umeikuta ndani ya begi lako, chini ya mashuka, na barua hii ikiwa juu ya kasha. Usilifungue kasha bado. Soma kwanza.

Baba yako alipofariki ulikuwa darasa la tatu. Watu wa bendi ya kanisa walitaka kuichukua klarineti wampe mwingine, nikakataa. Nikaifunga kwa shati lake la kwaya, nikaitundika jikoni, juu ya moto, pale bibi yako alipokuwa akitundika mahindi ya mbegu. Kwetu sisi kitu unachokipenda kinakaa pale. Mchwa hafiki, dumuzi hafiki, moshi unalinda. Miaka yote ile nilisonga ugali chini yake nikijiona mke mwema. Nilikuwa namkausha.

Uliponiambia unataka kujifunza kupiga kama baba, ndipo nilipoishusha. Ilikuwa na ufa kutoka juu hadi tundu la tatu. Vizibo vya ngozi vilikuwa vigumu kama kokwa. Ulilia siku ile, nikakuonea huruma, nikapanda Newala kumtafuta fundi niliyeambiwa anatengeneza filimbi na klarineti za makanisa. Kumbuka hilo. Nilikwenda kwa ajili yako. Wewe ndiye uliyenipeleka kwake.

Kulikuwa na ukungu, ule wa Newala unaoingia mpaka kwenye mikono ya sweta. Alikuwa amekaa mlangoni. Alipolifungua lile shati la kwaya, hakuitazama klarineti, aliinusa.

"Mama, hii mmekuwa mkiipiga au mkiipika?"

"Nilikuwa naitunza."

"Juu ya moto."

"Juu ya moto."

"Kama mbegu."

"Kama mbegu, ndiyo."

"Basi ungeipanda. Saa hizi tungekuwa na shamba la bendi nzima."

Nilicheka mpaka nikakaa chini bila kukaribishwa. Sikuwa nimecheka hivyo tangu mazishi.

Nikadhani ataziba ufa siku ile ile, nirudi nayo Masasi jioni. Akaiweka ndani ya sanduku pamoja na kitambaa chenye unyevunyevu, akafunga. Akasema klarineti ni mpingo, na mpingo haufi ukikatwa. Unaendelea kunywa na kutoa jasho, hata ukivikwa vyuma huko Ulaya na kurudishwa huku kwao. Huu wangu ulikuwa na kiu ya miaka. "Ukiuziba ufa wakati mti una kiu," akasema, "siku mti utakapokunywa utajipasua pembeni mwa gundi yako. Kwanza unyweshwe. Ufa utajifunga wenyewe mpaka pale unapoweza. Fundi anaziba kinachobaki."

Baba yake alikuwa mchonga vinyago, na yeye alikulia kwenye vumbi la mpingo, ndiyo maana anazungumza na mti namna ile. Lakini mimi wakati huo sikuwa nasikiliza habari za mti. Nilikuwa naangalia mikono. Hilda, ana mikono ambayo haigusi kitu kabla ya kukiomba ruhusa. Nikawa napanda Newala kila nikipata sababu, na sababu zikiisha nashona nyingine. Siku moja akanitazama nilivyochoma sindano kwenye ukosi wa gauni langu, kama mafundi cherehani tunavyofanya, akasema, "Nipe hiyo." Aliikata, akaipasha moto hadi ikageuka rangi ya bluu, akaifanya springi ya kibonyezo kilichokuwa kimelegea. Sindano yangu ya mkono. Imo mle hadi leo, kibonyezo kirefu cha upande wa kushoto. Kila kikibonyezwa kinarudi juu kwa nguvu ya sindano yangu. Mwanamume mwingine angeniletea kitenge.

Nakuambia haya yote kwa sababu hukuwahi kuniuliza. Mtu aliyekuwa anakwenda Newala kwa ajili ya klarineti yako, akirudi usiku na uso unaong'aa, hukumuuliza hata siku moja.

Sasa nikuambie la baba yako, nalo halitakufurahisha. Mti ulipokwisha kunywa na ufa ukazibwa kwa gundi na unga wa mpingo, Silivano alianza kutafuta hewa inapopotea. Anachukua karatasi nyembamba ile ya kusokotea sigara, anaikata vipande, anaweka kimoja chini ya kizibo, anabonyeza, kisha anavuta polepole. Karatasi ikigoma, kizibo kimekaa. Ikiteleza, hapo hewa inapita. Alifika kwenye kizibo cha chini kabisa, akasimama.

"Mumeo alikuwa na vidole vya nguvu."

"Alikuwa mwalimu. Vidole vya chaki."

"Basi alikuwa anapigana. Tazama chuma kilivyolika hapa. Kikombe cha kizibo hiki kimekaa upande, tangu siku aliyoipokea hakijawahi kufunga. Mtu akipuliza, nusu ya pumzi inatokea huku. Ili noti ya chini itoke ilibidi aminye kama anamkaba mtu."

Hilda, mimi nilikuwa nakaa safu ya akina mama. Noti ile ya chini ilipokwama, nilikuwa namkanyaga mguu jirani yangu, tunacheka ndani ya vitabu vya nyimbo. Nyumbani nikimwambia, "Mwalimu, leo umemnyonga tena jogoo." Naye anacheka. Baadaye akaacha kufanya mazoezi nyumbani. Wewe unamkumbuka baba akipiga kanisani tu, na umejijengea kwamba alikuwa mtu wa ibada. Alikuwa ananikwepa mimi. Alikufa akiamini hana kipaji, na imani hiyo nilimpa mimi, kidogo kidogo, kila Jumapili.

Silivano hakuniambia pole. Alisema tu kwamba fundi hutafuta kwanza hewa inapopotea, ndipo amlaumu mpigaji. Akanyoosha kikombe, akabandika ngozi mpya ya mbuzi, akaweka karatasi. Karatasi ikagoma. Niliivuta mwenyewe hadi ikakatika.

Usidhani nimekueleza hili ili nifike mahali pa kukusamehe. Baba yako alipewa klarineti mbovu. Wewe ulipewa kila kitu kizima.

Harusi yangu ilipokaribia, Silivano aliomba aipige hiyo klarineti kanisani. Mimi nilikuwa nimekwisha kukubali, lakini alisema ni ya Hilda, Hilda ndiye wa kuulizwa. Akakuita barazani. Nilikuwa nyuma ya pazia, nikasikia.

"Mwanangu, nataka kuipiga ya baba yako siku ile. Ukisema hapana, nitaazima nyingine Newala, na sitakuuliza kwa nini."

Ukasema, "Piga tu." Akafurahi mpaka akakukabidhi kasha ulibebe wewe, ukae nalo mpaka kanisani. Alisema mwenye mali ndiye mbebaji.

Unajua mpigaji anavyofanya. Kile kipande chembamba cha mwanzi kinachotetemeka klarineti ikipulizwa, hakifungi kikiwa kikavu. Anakiweka kwanza mdomoni akilainishe kwa mate, kati ya midomo na ulimi, kama mtoto na pipi ya kijiti. Silivano alikaa nao mdomoni muda wote padri akisoma somo. Nilimwona, nikaona haya kwa mawazo niliyokuwa nayo nikimtazama mdomo ule. Kisha akasimama akapiga. Na ile noti ya chini ikatoka, Hilda, nzito na pana, kama mlango mkubwa wa kanisa unapofunguliwa. Nililia kwa ajili ya wanaume wawili. Wewe ulikuwa mbele, mikono nyuma, unamtazama mdomoni.

Kwenye chakula alikuwa anakunywa maji tu. Jua lilipozama midomo ilikuwa imefura, na shangazi zako wakapata mchezo.

"Bwana harusi kaanza kabla ya kuruhusiwa, bibi harusi kamng'ata."

"Siyo bibi harusi. Huyu kaenda kurina asali mapema, kakuta wenyewe wamo ndani."

"Mama Hilda, leo utalala na mbuyu."

Nilicheka pamoja nao. Asubuhi ngozi ya mdomo ilikuwa inabanduka kama utando wa maziwa yaliyochemka. Ule usiku ambao mwanamke anaungoja, mimi nilikesha nikimdondoshea maji kwa pamba. Hospitalini muuguzi alimtazama mara moja tu. "Baba, umeng'ata korosho na ganda lake?" Silivano akatikisa kichwa. Muuguzi akanitazama mimi. Nani wa huku asiyejua mafuta ya ganda la korosho yanavyobabua? Kila mtoto wa Masasi amewahi kung'ata ganda mara moja, na hakuna aliyeng'ata mara ya pili.

Siku chache baadaye tukiwa tunaosha vyombo, niliona kidole chako gumba na cha shahada vimebabuka, vyeusi pembeni ya kucha.

"Vidole vimefanyaje?"

"Korosho, mama. Si nilibangua korosho za harusi."

Korosho za harusi zililetwa kutoka Chiungutwa zikiwa zimekwisha kubanguliwa, nyeupe, ndani ya ndoo. Wewe mwenyewe ndiye uliyezipokea na kuzionja. Nilikwenda kwenye kasha, nikautoa ule mwanzi. Ncha yake ilikuwa imeingia weusi, na ulikuwa na harufu ya msimu wa korosho. Nikauweka ndani ya kopo langu la vifungo. Tangu siku hiyo, kila nilipotafuta kifungo cha shati la mtu, niliuona.

Silivano alipoweza kuzungumza tena nilimuuliza.

"Unajua ni nani?"

"Najua."

"Tangu lini?"

"Tangu ubeti wa pili."

"Na ukaendelea kupiga?"

"Ningeutoa mdomoni, watu wote wangeuliza kuna nini. Naye alikuwa amesimama pale mbele, na gauni lake jipya."

Nikasema nitakuita, nitakufanya uongee mbele ya shangazi zako wote. Akanishika mkono. "Mwanzi ukiharibika unatupwa mwanzi, Mama Hilda. Nani anatupa klarineti?"

Ndiyo maana nilinyamaza. Alinyamaza kwa sababu yako, mimi nikanyamaza kwa sababu yake. Usichanganye.

Mdomo wake wa chini ulipona, lakini umebaki na kovu gumu upande wa kulia ambalo halihisi kitu, na klarineti inashikwa kwa mdomo huo huo. Ukiisha kuwa na kovu pale, hewa inatoroka. Alijaribu mara moja, wewe ukiwa shuleni. Ilitoka sauti ya mbu. Akaipangusa, akairudisha kwenye kasha kwa utaratibu wake wote, kisha akaja akanisaidia kuchambua mchicha. Hajajaribu tena na hatajaribu. Ni fundi wa klarineti asiyeweza kupuliza klarineti. Hebu fikiria fundi viatu aliyekatwa miguu, anayemuuliza kila mteja, je, kinabana?

Kwa hiyo sasa napuliza mimi. Hukujua hilo, maana zile sauti za mchana ulikuwa unazisikia ukitoka shule, unadhani ni mteja, unapita na mlango wa nyuma. Ni mimi. Alinifundisha namna ya kukunja mdomo, namna ya kuziba chini kwa goti na kuvuta hewa kujua kama kuna tundu. Anakaa mbele yangu, paji la uso lake karibu liguse langu, amefumba macho, anasikiliza. "Tena." Napuliza. "Hapo, kidole cha tatu. Tena." Vyombo vinavyotoka kwetu kwenda Newala, kwenda Nachingwea, vimepitia mkono wake na pumzi yangu. Sijawahi kuwa karibu na mtu namna hii, hata nilipokuwa msichana. Ulitaka kumfunga mdomo mume wangu, akapata wangu. Hakuna aliyetupa zawadi ya harusi kubwa kuliko hiyo, nami sina hamu ya kukushukuru.

Najua kwa nini ulifanya. Ulitaka klarineti ikae kimya pamoja na baba yako. Mimi niliifanyia hivyo hivyo juu ya moto, ila mimi nilidhani natunza.

Lakini ile ya korosho ningeweza kuimeza. Nisichoweza ni hii ya salamu. Ukiingia nikiwepo, unasema "Shikamooni," kwa wingi, unanitazama mimi, ili iteleze iniangukie mimi peke yangu. Nikiwa sipo, unapita kimya. Unadhani sijui. Mama Zuhura alikuja kuniambia huku akicheka: "Mumeo ana wazimu? Binti kapita bila neno, naye kaitika marahaba." Nikamuuliza Silivano. Akasema, "Anapita na haraka. Naitikia mapema ili asichelewe." Toka siku hiyo nimesimama nyuma ya pazia mara nyingi kuliko inavyompasa mwanamke mwenye heshima. Mlango unalia, nyayo zako zinapita, na sauti yake inasema marahaba kwa mtu aliyekwisha kupita.

Wiki hii amekuwa akiangalia ufa kila siku, akiipaka klarineti mafuta, akihofia hewa ya Songea. Yeye ndiye aliyesema uende nayo. Mimi nilitaka ibaki. Tuligombana, ugomvi wetu wa kwanza, na nilishindwa kwa sababu aliponishika mabega nilisahau nilichokuwa nataka kusema. Jana alikaa kutwa nzima akikuchongea mianzi mipya, kutoka kwenye matete aliyoagiza bonde la Ruvuma. Alichonga mingi akaitupa, ikabaki mitatu aliyoipenda. Kila mmoja nilimpulizia. Wa tatu una sauti ambayo ningemsamehe nayo mtu mwingine yeyote. Aliifunga kwa kipande cha kitambaa, akaiweka ndani ya kasha, mahali pake, akanionyesha kama mtoto anayeonyesha daftari.

Nimeitoa.

Sasa fungua kasha. Utaikuta klarineti nzima, inang'aa, kila kizibo kimekaa. Na mahali pa mianzi utakuta mwanzi mmoja, wenye ncha nyeusi. Unaujua. Sijui kama bado unachoma, sijaujaribu, na mume wangu hajui kwamba nilikuwa nao. Sidhani Songea kuna duka la mianzi ya klarineti. Dar es Salaam lipo, na unaweza kuagiza, nauli ya boksi dogo si kitu. Agiza ukitaka. Utapiga vizuri, na kila ukipiga utakuwa unajua ulipita tena na mlango wa nyuma.

Asubuhi nitakusindikiza stendi peke yangu, maana yeye nitamtuma sokoni. Sitaki akuitikie marahaba ya mwisho kwenye dirisha la basi lililofungwa. Nimechoka kumsikia akiitikia hewa.

Mianzi mitatu iko kwenye mfuko wa gauni langu ninapoandika. Haitakuja kwa basi, wala kwa mtu anayekuja huko. Itangoja hapa nyumbani, Mkomaindo, na mlango wa mbele unaujua. Utaingia, utasema shikamoo, kwa umoja, ukimtazama yeye. Na mimi nitakuwa sipo chumbani, wala nyuma ya pazia.

Mama yako, mke wa Silivano